Muulize Mwalimu: “Wanasema mjukuu wangu amechukuliwa na jini”

Toleo la Aprili niligusia usonji (kwa Kiingereza autism) kwa ufupi, kwa kuwa Aprili 2 ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 ili dunia iufahamu. Barua zilizofuata zimenielemea. Nyingi zimetoka vijijini, mbali na hospitali kubwa na mbali na shule zenye vitengo vya elimu maalumu, nyingine zimeandikwa na mjukuu kwa niaba ya bibi asiyejua kuandika. Toleo hili ni lao. Majina na vijiji nimeviondoa, barua ndefu nimezifupisha. Kwa msomaji mgeni: nilisomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, nikafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji katika vitengo vya shule za msingi mikoa ya Tanga na Kilimanjaro mpaka nilipostaafu.

Mwalimu, mimi ni bibi, naishi huku milimani Upareni. Nalea mjukuu wa miaka 6. Baba yake yuko Dar es Salaam, mama yake aliondoka. Mtoto haongei. Ukimwita hageuki, lakini ukifungua pipi chumba cha pili anakuja mbio. Anazungusha mifuniko ya sufuria kutwa, anatembea kwa ncha za vidole, na mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kulia mpaka anatapika. Makande hagusi, ni ugali mkavu na ndizi tu. Mganga anasema amechukuliwa na jini la maji, maana kila akiponyoka anakimbilia kwenye ndiva, bwawa letu la maji ya mfereji. Nimeshatoa mbuzi wawili. Wengine wananiambia akatwe udata, ile ngozi ya chini ya ulimi, ataongea. Nikienda shamba namfunga mguu kwa kanga kwenye mparachichi. Roho inaniuma, lakini nitafanyaje?

Shikamoo bibi, na pole sana.

Nianze na hilo jini, kwa sababu ndilo lililokula mbuzi wako. Mambo uliyoyaeleza nimeyaona yote kwa watoto niliowafundisha: Wapare, Wasambaa, Wachaga na Wazigua, Waislamu na Wakristo, watoto wa wakulima na watoto wa wakubwa wa serikali. Mjukuu wako hakuchukuliwa na kitu. Hayo yote yanaelekea kwenye usonji. Ubongo wake ulianza kujengeka kwa namna yake tangu tumboni, ndiyo maana sauti, mwanga, ladha na mguso vinamfikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi, au havimfikii kabisa, na ndiyo maana kuongea kumechelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye kata ya watu 10,000, unapata zaidi ya 70. Kama kijijini kwenu unamwona wa kwako tu, wengine wamefichwa ndani.

Na hao wanaokutajia jini wako kila mahali. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wazazi na wataalamu usonji unatokana na nini, wakachapisha majibu mwaka 2015. Yalitajwa mapepo, uchawi na laana, na pia yakatajwa matatizo wakati wa kujifungua, maambukizi na kurithi. Familia zilikuwa zimepita kwa waganga, kwenye maombi na hospitalini. Kwa hiyo njia uliyopita wewe wamepita wengi, usijilaumu hata kidogo. Ukitaka kumwombea, mwombee, tena kwa moyo wote. Ninachokataza ni mtoto kufungishwa njaa, kufukizwa moshi, kuchanjwa chale au kuchapwa ili kitu kitoke. Hakuna kitu ndani cha kutoka.

Udata usimkate. Ulimi ulioshikwa chini unaweza kumfanya mtoto atamke vibaya, lakini haumzuii kugeuka akiitwa, wala kunyoosha kidole akitaka kitu. Wembe ule utakuletea damu na kidonda tu.

Sasa hospitali. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie masikio, maana hata kama anasikia pipi, daktari lazima ajiridhishe. Mweleze kama aliwahi kupata degedege, au kama kuna nyakati anaduwaa ghafla, macho yamekodoa, kisha anarudi kama hakuna lililotokea. Kifafa kinawapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, na kifafa kina dawa, ambayo ukishaanza usiiache bila daktari kukwambia. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia dawa hiyo, awe na kibuyu au koti jeupe, anakuibia. Omba rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi. Kule kuna wataalamu wanaowafundisha watoto kama huyu kula, kuvaa, kucheza na kutulia. Usitegemee kipimo cha damu, hakipo. Watamtazama akicheza na watakuuliza maswali mengi, kwa hiyo barua uliyoniandikia nenda nayo, usome hivyo hivyo.

Nije kwenye kanga. Lazima ifunguliwe, bibi, lakini sitakwambia uifungue kesho asubuhi ukabaki peke yako na ndiva lile pale. Maji yanawavuta wengi wa watoto hawa. Yanameta, yanatembea, yana sauti moja isiyobadilika, na mtoto ambaye dunia yote inampigia kelele anapata pumziko pale. Wanaozama wanazama hivyo. Kwa hiyo kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, umwombe dakika chache siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wakiwa wamekusanyika na majembe yao. Simama na mtoto ukiwa umemshika mkono. Waambie: huyu ni mjukuu wangu, ana usonji, haongei, anapenda maji, mkimwona njiani peke yake msimkemee wala msimkimbize, mshikeni mkono mnirudishie. Wanaoishi kando ya njia ya ndiva waambie tena mmoja mmoja nyumbani kwao, na watoto wanaochunga mbuzi upande ule waambie pia, kwa sababu wao ndio watakaomwona kabla ya mtu mzima yeyote. Watu wa milimani tunajua kugawana zamu za maji ya mfereji, na hatugombani sana. Zamu za mtoto mmoja haziwezi kutushinda. Omba watu wanne, kila mmoja siku moja ya juma, saa zile za shamba.

Mlangoni funga njuga, ili ukisikia inalia ujue ametoka. Komeo liwe juu asikofika. Na kila jioni, saa ileile, wewe mwenyewe mpe maji: beseni, kikombe cha bati, achezee mpaka atosheke. Akijua kwamba maji yake yanakuja kila siku, hamu ya kuyatorokea inapungua. Nimeona hivyo kwa watoto wengi.

Kuhusu kuongea, usisubiri mdomo. Mpe kitu cha kusemea. Kikombe kile cha bati kitundike mahali anapofika. Kila akikuletea, hata kama amekileta kwa bahati, mpe maji papo hapo na useme neno moja tu, “maji”. Wiki nyingine ongeza ganda la ndizi lililokauka, au picha ya ndizi uliyoichora kwa mkaa kwenye boksi. Akielewa kwamba akikupa kitu naye anapata kitu, mayowe yatapungua, maana mengi ya mayowe yale ni maneno yaliyokosa njia. Wengine baadaye huongea, wengine hawaongei maisha yao yote lakini wanaeleweka.

Makande usimlazimishe. Punje ngumu, punje laini na mchuzi katika tonge moja ni vurugu kwenye mdomo wake. Weka punje mbili pembeni ya ugali wake kila siku bila kusema lolote. Mashine ikiwashwa, muwe mmeshatoka au muwe upande wa pili wa nyumba. Muulize mwenye mashine siku na saa zake, atakwambia tu.

Usidhani haya yanahitaji wataalamu kutoka mjini. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua au kuwasiliana, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na wanaoyaongoza si lazima wawe madaktari. Yamejaribiwa Ethiopia na huko huko Kilifi nilikokutajia. Yanayofundishwa ni mambo ya namna hii hii: kukaa chini na mtoto, kufuata anachokipenda, kuitumia shughuli ya kila siku kama kufua au kumenya ndizi kumfundishia.

Na wewe baba uliyeko Dar es Salaam, najua kuna atakayekusomea hapa. Mama yako amezeeka. Anabeba jembe, maji, kuni na mwanao. Pesa unayotuma ni wajibu, lakini kuna siku inabidi uje mwenyewe umpeleke mtoto Moshi, ukae kwenye benchi la hospitali, usikie kwa masikio yako.

Mwalimu, nafundisha darasa la tatu, wanafunzi 96. Nina msichana wa miaka 9 ambaye jedwali la kuzidisha analijua lote mpaka 12, lakini kengele ikilia anapiga mayowe na kuvuta nywele za aliye karibu. Haangalii mtu usoni. Mwalimu mkuu anataka arudishwe nyumbani mpaka “apone”. Shule yenye kitengo iko kilomita 40. Nifanye nini na darasa kubwa hivi?

Mwalimu mwenzangu, kengele yenu ni rimu la gari linalogongwa kwa nondo? Karibu zote vijijini ni hivyo, na karibu zote zimetundikwa dirishani mwa darasa fulani.

Niliwahi kuwa na msichana aliyekuwa hivyo hivyo. Kuanzia saa nne kasoro robo alikuwa ameshaanza kutetemeka, mikono masikioni, na aliyekaa naye alijua nywele zake zimekwisha. Tulijaribu kumbembeleza, haikusaidia, kwa sababu hofu yake haikuwa ya sauti peke yake, ilikuwa ya kutojua italia lini. Basi tukampa yeye nondo. Siku ya kwanza alisimama mbele ya lile rimu muda mrefu, akaligusa kwa kidole, akalinusa, kisha akaligonga taratibu sana, watoto wa darasa la kwanza hata hawakusikia. Siku zilizofuata aliongeza nguvu mwenyewe. Nilimchorea saa kwenye kipande cha boksi, mshale ukiwa pale pa mapumziko, akawa anailinganisha na saa ya ofisini. Shule ile haikuwahi kuwa na kengele inayolia kwa wakati kama mwaka ule, na nywele za watu zikapona.

Sisemi na wako atapona hofu kwa njia hiyo hiyo. Nasema tafuta kinachotangulia mayowe. Kwa siku chache andika pembeni ya daftari lako: saa ngapi, nani alikuwa karibu, nini kilitangulia. Mtoto havuti nywele kwa ubaya. Anavuta kwa sababu kitu kimemzidi.

Darasa la watoto 96 ni kubwa mno kwa mtoto yeyote, na sitakudanganya kwamba utapata muda wa kukaa naye peke yake. Mambo machache yanawezekana hata humo. Mkalishe mwisho wa safu karibu na mlango, ukuta upande mmoja, asizungukwe. Mwambie mapema kinachofuata, kwa maneno machache: “Hesabu. Kisha uji. Kisha nje.” Chagua wasichana wawili wapole wawe wenzake wa kudumu, uwaonyeshe namna ya kumsubiri. Kama anajua jedwali lote, mpe awasahihishie wenzake, na darasa litaanza kumwona kwa kile anachokiweza. Usimlazimishe akuangalie machoni. Wengi wao wanasikiliza vizuri zaidi wakiangalia pembeni.

Mwalimu mkuu mwambie kwa heshima kwamba hakuna kupona kunakosubiriwa, na kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Kumrudisha nyumbani ni kuvunja sheria. Halafu mwandikieni wote wawili ofisa elimu maalumu wa halmashauri, mumwombe aje amwone. Barua yenye sahihi ya mwalimu mkuu inasomwa haraka kuliko yako peke yako.

Jambo moja la ziada, kwa kuwa umeandika kuhusu msichana. Wanaotambuliwa ni wavulana zaidi, kiasi cha watatu au zaidi kwa msichana mmoja, na sehemu ya sababu ni kwamba msichana mkimya tunamsifu kwa adabu. Anakaa kimya kona ile miaka saba bila kuongea na mtu na hakuna anayeuliza. Tazama tena darasa lako.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa mahindi, mke wangu amezaa watoto wawili. Mkubwa ana miaka 4, huko hospitali ya rufaa wamesema ni usonji. Ndugu zangu wanasema mke wangu amekuja na mkosi wa kwao, nioe mwingine. Mama yangu anasema ni chanjo ya surua, na mdogo mwenye miezi 8 nisimpeleke. Mimi mke wangu nampenda. Nishauri.

Marahaba mwanangu. Nashukuru umeandika neno hilo la mwisho, maana barua nyingi za wanaume hazilisemi.

Mkosi wa kwao haupo. Kwa miaka mingi hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwatupia lawama akina mama. Baada ya Leo Kanner kuueleza usonji mwaka 1943, wapo waliodai kwamba unasababishwa na mama asiyempenda mwanawe, na wanawake wengi walibeba aibu hiyo mpaka makaburini. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wao wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, 4 zilikuwa na wote wawili wenye usonji. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Ndipo ikaonekana wazi kwamba mengi ni ya kurithi, na urithi, mwanangu, unatoka kwa baba na kwa mama. Damu yako imo. Ukioa mwingine unaihamisha damu ile ile nyumba ya pili, na mtoto wako wa kwanza anabaki bila baba.

Mwambie mkeo hivyo mbele ya ndugu zako, siyo chumbani. Yeye anahitaji wasikie ukisema.

Chanjo. Maneno haya yalianzia Uingereza mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield alipochapisha habari za watoto 12 tu. Ilikuja kugundulika kwamba taarifa zilipotoshwa, jarida lenyewe likaifuta makala ile mwaka 2010, na mwaka huo huo akanyang’anywa ruhusa ya kutibu. Denmark waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa majibu mwaka 2019: waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana kwa usonji. Mama yako haongopi anavyoona, kwa sababu kwetu chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili nazo zinaanza kuonekana. Vinakutana kwenye kalenda tu. Surua inaua. Mdogo akifikisha miezi 9 mpeleke kliniki.

Na huyo mdogo mtazame kwa upendo bila hofu. Mwenye ndugu mwenye usonji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao, kama mtoto 1 kati ya 5 katika tafiti za nje. Akifikisha mwaka hageuki kwa jina lake, haonyeshi kwa kidole, hapungi mkono, usingoje miaka minne kama kwa mkubwa.

Kuna kitu kingine cha kumfanyia mkeo. Muulize kama wapo akina mama wengine wenye watoto wenye ulemavu kwenye kata yenu. Wakiunda kikundi wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na mkopo huo hauna riba. Lakini hata kabla ya hela, wanawake hao wakikutana mara moja kwa juma chini ya mti, kila mmoja amekuja na mtoto wake na hakuna anayenong’ona, utaona mkeo anavyorudi nyumbani.

Jirani yangu ana mtoto mwenye usonji. Nataka kumsaidia, naogopa kumuudhi. Nianzie wapi?

Nenda na kazi, usiende na ushauri. Mwambie, “Kesho nakuja kukaa na mtoto saa tatu mpaka saa tano, wewe nenda gulioni.” Muulize mtoto anapenda nini na anaogopa nini, kisha ufuate hivyo. Mtoto akijitupa chini barabarani, usikusanye watu, usiseme “mchape”. Simama upande ule wenye watu ili kumkinga na macho yao, na mama afanye anachokijua. Neno zezeta na taahira liondoe nyumbani kwako, wanao wanalipeleka shuleni. Na kukiwa na harusi au ubatizo, mwalike na mtoto wake. Usimwalike yeye peke yake.

Mwalimu, kaka yangu ana miaka 24, hajawahi kusoma, lakini shambani hakuna anayemfikia, mistari yake ya maharage imenyooka kama kamba. Baba amefariki mwezi uliopita. Msibani kaka hakulia hata chozi. Alikuwa anapanga viti vya kukodi kwa rangi, bluu na bluu, nyeupe na nyeupe, watu wakikaa anawainua. Ba’mdogo alimpiga kofi mbele ya watu. Sasa wanasema mtu asiye na uchungu na baba yake hastahili shamba, na ekari zake mbili ziuzwe. Mimi ni mdogo wake, natetea peke yangu.

Poleni sana na msiba, mwanangu.

Nakuuliza mambo ambayo huenda umeyaona hukuyahesabu. Tangu mazishi, analala usiku? Anakula kama zamani? Anakwenda mahali baba alipopenda kukaa, au anashika vitu vyake? Amerudia tabia alizoziacha utotoni, kujipiga kichwa, kujing’ata mkono, kuzungukazunguka? Hapo ndipo uchungu wa mtu kama kaka yako unapotokea. Nimewaona waliofiwa wakacheka, waliokaa kimya miezi mitatu, na mmoja aliyeuliza kila jioni saa ya baba yake kurudi kazini, kwa sauti ile ile, bila chozi, karibu mwaka mzima. Huyo hakuwa amesahau.

Sasa fikiria nyumba yenu siku ile. Watu mia waliojaa uani, vilio, turubai, moshi wa masufuria, wageni wanamshika mabega kumpa pole, na mtu mmoja aliyempangia siku zake zote hayupo. Viti vilikuwa kitu pekee kilichokubali kukaa mahali pake. Kofi lile alipigwa mtu aliyekuwa anajitahidi asianguke.

Mweleze mambo ya kifo kwa maneno ya wazi. Usiseme baba amelala, au amesafiri, au Mungu amemchukua halafu ukaishia hapo, maana atamngoja. Sema, “Baba amekufa. Mwili wake uko kaburini. Hatarudi.” Mpeleke kaburini siku ya utulivu, wawili tu, na kama atataka kupanga mawe pembezoni, mwache apange. Arobaini inakuja. Mweleze siku kadhaa kabla nani watakuja, watakaa wapi, wataondoka saa ngapi, na umpe sehemu ya nyuma ya nyumba ambayo hakuna atakayemfuata. Viti mpe iwe kazi yake tangu mapema, kabla wageni hawajafika, na umwambie kwamba wakishafika watakaa watakapo.

Shamba hilo ni haki yake kama lilivyo yako. Hakuna sheria wala desturi inayomnyima mtu urithi kwa kutolia. Ninaloogopa ni mwendo wa mambo haya: leo kikao cha ukoo, kesho mnunuzi amekuja na kamba ya kupimia. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, kabla kikao cha ukoo hakijaitwa, umwambie kwa maandishi kwamba kuna mrithi mwenye ulemavu na kwamba mauzo yoyote yasipitishwe. Kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya watu wenye ulemavu kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, mwombe akuunganishe nayo, na kama haijaundwa mwombe ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mirathi ifunguliwe mahakama ya mwanzo, na jina la kaka yako liwemo kwenye orodha ya warithi, liandikwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa. Kama hana kitambulisho, anzeni na hicho. Ardhi ya kijiji inaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na hati inaweza kubeba jina zaidi ya moja. Ombeni yenu wawili, mipaka ipimwe, majirani wa mpakani waweke sahihi.

Ba’mdogo usimjibu kwa hasira. Tafuta mzee anayemheshimu, shehe au mchungaji, waende pamoja shambani msimu huu, maharage yakiwa yameota.